Mafunzo ya Matabibu wa Akili katika Jamii za Jinja na Mbale

Mafunzo haya ni elimu imwandaayo tabibu wa maradhi ya akili kumtibu mgonjwa wa kabila, lugha na mila isiyo yake. Mashariki ya Uganda haja yake ni dhahiri. Kwani katika hospitali ya rufaa ya Jinja, mjini kwa Wasoga na wahamiaji wa viwandani, na katika ile ya Mbale, wafikako Wagisu, Wateso, Wagwere na Wasebei, muuguzi aliyehitimu Butabika, hospitali kuu ya akili iliyofunguliwa Kampala mwaka 1955, aweza kuimiliki taaluma yake barabara, na bado asifahamu aambiwalo.

Utafiti wa Dkt. Catherine Abbo katika wilaya za Jinja na Iganga ulidhihirisha kuwa wagonjwa wengi wa maradhi mazito ya akili huiendea hospitali na mganga wa jadi pia. Hapa ndipo penye kiini cha mafunzo: tabibu amdhihakiye mganga humnyamazisha mgonjwa, na tabibu asiyeambiwa habari ya mizimu ya ukoo wala dawa za miti zilizokwisha kunywewa, atibu gizani.

Mbale pana jambo la pekee, nalo ni imbalu, tohara ya vijana wa Kigisu ifanywayo miaka inayogawanyika kwa mbili. Na tabibu mgeni, aonapo kijana amejawa na jazba ya ngoma za imbalu siku kadha wa kadha, yampasa awaulize kwanza wazee kabla ya kuandika jina la ugonjwa.