Zuzu, Msalato na Kongwa: Urithi wa Shule za Ugogo

Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania lilitangaza matokeo ya kidato cha nne bila orodha ya shule kumi bora. Hoja ilikuwa kwamba shule zenyewe hazifanani kimazingira. Ugogo, nchi ya Wagogo huko Dodoma, kunaweza kuitwa shahidi wa hilo.

Kongwa ndiyo mfano mkali zaidi. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha pale mradi wa karanga, na muda mfupi baadaye watoto wa Kizungu wakajengewa shule ya bweni. Karanga ziligoma na mradi ukafutwa 1951, lakini shule ilidumu hadi 1958, kisha ikahamishiwa Iringa, kwenye majengo ambayo leo ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Mkwawa. Enzi hizo Wazungu, Waasia na Waafrika walikuwa na shule zao tofauti. Mfumo mmoja ulianza rasmi 1962. Kabla ya hapo, mtoto wa Kigogo aliyetaka kusoma alitegemea zaidi wamisionari: Waanglikana wa Mvumi, Wakatoliki wa Bihawana, au, kwa wachache waliofika sekondari, shule ya Alliance mjini Dodoma, ambayo baadaye iliitwa Mazengo kwa jina la mtemi wa Mvumi. Sheria ya Elimu ya 1969 ilizitia shule nyingi za madhehebu mikononi mwa serikali. Mazengo yenyewe imerudi kanisani: tangu 2007 ni Chuo Kikuu cha St. John's.

Zuzu, kata iliyo kando ya reli ya kati magharibi mwa Dodoma, ni jiji kwa hati, ila uwele na mtama bado vinalimwa. Huku sekondari ya serikali maana yake ni shule ya kata, zao la Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) ulioanza 2004. Utaratibu ulikuwa ule ule nchi nzima: wananchi wanachanga, wanasomba mawe na mchanga, wanapandisha boma mpaka kwenye renta, kisha wanasubiri halmashauri ipaue. Kutoka sekondari karibu 1,300 mwaka ule, nchi ilifikisha zaidi ya 4,000 kufikia 2010. Walimu waliopikwa harakaharaka ili kuzijaza shule hizo waliitwa mtaani “voda fasta”, utani uliowaonea vijana waliokubali kwenda walikokataa wengine. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012, ambapo zaidi ya asilimia 60 ya watahiniwa walipata daraja sifuri kabla hayajachakatwa upya, yaliishtua nchi. Walioshangaa hawakuwa wamelala kwenye nyumba za walimu wale.

Msalato, kaskazini mwa mji, nayo ni ya serikali, lakini ni ya wasichana wenye vipaji maalumu: huwachagua kutoka nchi nzima na kuwalaza bwenini. Kuipanga kwenye jedwali moja na shule ya kutwa inayopokea watoto wa kata ni kupima uteuzi, si ufundishaji.

Elimu bila ada, iliyoanza 2016, imeondoa ada ya shilingi 20,000 kwa shule za kutwa na 70,000 kwa bweni. Ruzuku ya uendeshaji, shilingi 25,000 kwa mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, haitofautishi shule kongwe na changa. Chakula ndicho kinachotofautisha. Bwenini hulipiwa na serikali. Kwenye shule ya kutwa, makande ya mchana hutegemea debe la mahindi la mzazi, na mvua zikikatika Februari, kikao cha wazazi huanzia hapo.