Kizingiti cha Mbwa

Kwetu Nyamwaga mtoto wa mbwa hafundishwi kwenda haja nje, kwa sababu haingii ndani. Anafundishwa kizingiti. Akikanyaga mlangoni, Mama anamfukuza kwa ufagio. Baada ya siku chache analala uani bila kukumbushwa.

Nilipoanza kusoma historia ya Serengeti, niliona kwamba hiyo “nje” tuliyompa mbwa haina ukuta. Mwaka 1994 distempa, ugonjwa wa mbwa, iliua takriban simba 1,000 wa Serengeti, yaani theluthi moja, ikavuka hadi Maasai Mara nchini Kenya. Watafiti waliihusisha na mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Ndipo kampeni za kuwachanja mbwa hao zikaanza, dhidi ya distempa na kichaa cha mbwa pia.

Historia hii husimuliwa kama habari ya simba. Lakini kichaa cha mbwa hakina tiba dalili zikishaanza, na anayecheza uani na mbwa ni mtoto. Ufagio unailinda nyumba tu. Sindano inamlinda mtoto aliyeko nje, na simba aliye mbali zaidi.