Daraja la Arlington na Vazi Lake la Mawe

Tarehe 11 Novemba 1921, Rais Warren Harding alikuwa akivuka Mto Potomac kwenda makaburi ya kitaifa ya Arlington, kwenye maziko ya Askari Asiyejulikana, msafara wake ukanasa katika msongamano wa magari. Habari za daraja jipya zilikuwa zikizungumzwa Washington tangu karne ya 19. Safari hii walionasa ni wakubwa wenyewe, na mwaka 1925 Bunge la Marekani likaidhinisha ujenzi.

Mahali palipochaguliwa palikuwa na maana yake. Ng'ambo moja lipo jengo la ukumbusho la Abraham Lincoln, rais wa Marekani wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe; ng'ambo ya pili, juu ya kilima cha makaburi, ipo nyumba aliyoishi Robert E. Lee kabla hajaongoza majeshi ya Kusini katika vita hivyo. Daraja lilikusudiwa kuziunganisha pande zilizopigana, kwa hiyo lilipaswa kupendeza, tena liwe la chini, lisimzibe Lincoln.

Huko kuwa chini ndiko kulikoleta taabu. Meli za kwenda Georgetown zingepitaje? Kampuni ya McKim, Mead and White, kupitia msanifu wake William Mitchell Kendall, ilichora matao tisa. Manane ni ya zege yenye nondo, yaliyovikwa graniti ya North Carolina. La katikati likawa la chuma, nusu zake mbili zikiinuka kupisha meli; mitambo yake ilibuniwa na Joseph Strauss, yule mhandisi wa Daraja la Golden Gate. Kwa kuwa graniti ni nzito mno kuinuliwa kila mara, tao hilo lilivishwa mabati yaliyofinyangwa yakafanana na mawe ya jirani zake. Ni udanganyifu, lakini wa kistadi: anayetazama kutoka ukingoni huona mstari mmoja wa mawe usiokatika.

Daraja lilizinduliwa Januari 1932, mbele ya Rais Herbert Hoover. Sanamu za shaba za farasi zilizopakwa dhahabu, kazi ya mchongaji Leo Friedlander, zilifika kulipamba mwaka 1951 tu.

Meli zilizidi kupungua, na mara ya mwisho tao la kati kuinuliwa ilikuwa 1961. Katika ukarabati wa 2018 hadi 2020 mitambo iling'olewa, ikawekwa mihimili ya chuma isiyoinuka, lakini lile vazi la mabati likarudishwa mahali pake. Hapo warekebishaji walifanya vyema, maana bila bandia hiyo graniti ya kweli ingebaki imekatika vipande viwili.