Huduma ya muda wa kati: miaka miwili ya kupima wito

Kati ya safari ya injili ya wiki mbili na umisionari wa maisha kuna huduma ya muda wa kati, ya miezi kadhaa hadi miaka miwili hivi. Kijana anayejiuliza kama kweli ameitwa, sisi tungemwelekeza huku. Ni ndefu vya kutosha kumchosha.

Tuchukue meli ya Logos Hope. Ni feri ya zamani iliyojengwa mwaka 1973, ikaanza huduma yake mwaka 2009 ikihusiana na shirika la Operation Mobilisation. Huenda bandari hadi bandari ikiuza vitabu kwa bei nafuu. Watumishi wake, kutoka mataifa 60 hivi, ni wa kujitolea. Halipwi mtu mshahara, hata nahodha. Kila mmoja hutegemea michango ya kanisa lake, ndugu na marafiki. Hapa ndipo kijana wa kanisa dogo hukwama, na kukwama huko si ushahidi kwamba hakuitwa.

Akifika, asitarajie mimbari. Hupangiwa jikoni, chumba cha injini, usafi au kupanga vitabu, na hulala chumba kimoja na mtu wa lugha nyingine. Aliyedhani ameitwa kuhubiri hukutana na masufuria.

Wapo wanaobaki katika umisionari. Wapo wanaorudi kufundisha shule au kufungua duka, na hao pia wamepata jibu. Kanisa lililochanga lisiwapokee kama watoro.