Habari za Sauti ya Injili ya Addis Ababa

Katika miaka ya 1960 mchungaji wa Moshi aliweza kuhubiri kwa Kiswahili mbele ya kipaza sauti, na jirani yake asimsikie mpaka maneno yale yasafiri kwanza mpaka Addis Ababa, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,300, ndipo yarudi Kilimanjaro kwa njia ya anga. Huenda siku hiyo mhubiri mwenyewe alikuwa ameketi nyumbani kwake, akijisikiliza kama mgeni. Jambo hili lilikuwa na sababu yake, nayo yafaa kuelezwa, maana ndani yake mna habari za makanisa, za serikali, na za lugha.

Kituo kile kilikuwa mali ya Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, ambalo makao yake yako Geneva. Wenyewe walitaka redio ya kuhudumia Afrika na Asia, lakini serikali nyingi za wakati ule, za kikoloni na za nchi huru, zilishika utangazaji kwa mkono wao wenyewe. Mfalme Haile Selassie aliwapa ruhusa mwaka wa 1959, mwaka uleule lilipoundwa Kanisa la Mekane Yesus la Walutheri wa Ethiopia. Nchi hiyo, ambayo wazee wetu waliiita Uhabeshi, ilikuwa na faida nyingine pia: mji mkuu wake uko juu milimani, katikati ya njia ya kwenda Arabuni, Bara Hindi na kusini mwa Afrika. Mfalme mwenyewe akakifungua kituo tarehe 26 Februari 1963. Mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Sigurd Aske, Mnorwe.

Mitambo ilikuwa miwili ya mawimbi mafupi, kila mmoja wa nguvu ya kilowati 100. Mawimbi ya namna hii hupanda juu sana, hukutana na tabaka la hewa lenye umeme, kisha hupinda na kushuka tena katika nchi ya mbali. Kwa hiyo yaweza kuruka vichwa vya watu walio karibu na kusikika vema kwa walio mbali. Wakubwa wetu walipoita redio simu ya upepo hawakukosea sana.

Lakini mtambo ni koo tu. Maneno yalitengenezwa kwingine. Hapa ndipo penye busara kubwa ya kazi ile, kwa kadiri nionavyo mimi. Wenye kituo hawakukusanya wageni Addis Ababa wafasiri hotuba za Ulaya katika lugha ishirini. Walisaidia kuanzisha studio katika nchi za wasikilizaji, kila studio ikirekodi katika lugha yake na kupeleka kanda kwa ndege. Moshi ikawa studio ya Kiswahili, ikaitwa Sauti ya Injili. Jos, katika Nigeria, ilirekodi kwa Kihausa, nayo ikaitwa Muryar Bishara. Ngaoundéré, katika Kameruni, ilirekodi kwa Kifulani, ikaitwa Sawtu Linjiila. Wa Addis Ababa wenyewe waliita yao kwa Kiamhari Yemisrach Dimts.

Msomaji apendaye lugha na ayatazame majina hayo manne. Maana yake ni moja, lakini kila kabila limelipata kwa mlango wake. Sauti yetu na sawtu ya Wafulani ni neno moja la Kiarabu. Kadhalika Injili na Linjiila, nalo Waarabu walilipata kwa asili kutoka Kiyunani, ambako maana yake ni habari njema. Wahausa walishika neno lao wenyewe la sauti, murya, kisha wakachukua bishara ya Waarabu. Bishara tunayo na sisi, ila kwetu imeelekea zaidi kuwa dalili ya jambo lijalo. Waamhari hawakuazima kwa Waarabu: dimts ndiyo sauti, misrach ndiyo habari ya kufurahisha. Basi neno walilotumia Wakristo hawa kujitangaza, sisi, Wahausa na Wafulani tulilipokea kwa sehemu kupitia lugha ya Kurani, wala hapana aliyeona haya.

Mahubiri na ibada vilipewa kama sehemu tatu katika kumi za matangazo. Saba zilizobaki zilikuwa za habari, elimu, afya, kilimo na muziki. Wako waliolalamika kwamba fedha za sadaka zinafundisha watu kuchimba vyoo. Mimi nasema mkulima asiyeweza kuamini redio inapomweleza habari za jana hataiamini inapomweleza habari za milele. Habari za ulimwengu zilitungwa Addis Ababa kwenyewe, kwa kuwa kanda ya Moshi ilichelewa njiani, na habari huchacha kama uji.

Ila mgeni hukaa kwa sheria ya mwenye nyumba. Amri ya mwaka 1944 juu ya wamisionari iliwataka wafundishe kwa Kiamhari, na matangazo kwa wenyeji wa Ethiopia yalitolewa kwa lugha hiyo. Waoromo ni watu wengi mno, na waumini wengi wa Mekane Yesus walikuwa Waoromo. Biblia nzima katika lugha yao, iliyofasiriwa na Onesimos Nesib na Aster Ganno, ilikwisha kuchapwa tangu 1899. Hivyo kituo kilichomwezesha Mtamil na Mmalagasi kusikia lugha ya mama yake hakikumpa mtu wa Wollega, mwenye nyumba hasa, heshima ileile.

Mwaka 1974 mfalme aliondolewa na askari. Tarehe 12 Machi 1977 serikali yao ilikitwaa kituo, mitambo na majengo yote, ikakiita Sauti ya Ethiopia ya Mapinduzi. Miaka kumi na minne ya kazi ilikatika siku moja. Nalo Kanisa la Mekane Yesus lilipatwa na makubwa zaidi: katibu mkuu wake, Gudina Tumsa, alikamatwa mwezi wa Julai 1979 akauawa.

Askari walitwaa koo. Ndimi hazikuwapo pale. Zilikuwa Moshi, Jos na Ngaoundéré, katika mikono ya wenyeji waliokwisha kujifunza kuandika mchezo wa redio, kukata kanda na kusoma mbele ya kipaza sauti bila kupiga kelele kama walio mimbarani. Studio ya Moshi, iliyokuwa chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, iliendelea kurekodi. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilipofungua mlango kwa vituo visivyo vya serikali, Sauti ya Injili ilijenga mnara wake yenyewe, na mahubiri ya Moshi yakaanza kumfikia jirani bila kupitia Addis Ababa. Mawimbi hayo mapya hayafiki mbali kama yale ya zamani.