Sili

Katika gereji zetu, pete ya mpira inayozuia oili isitoke pale shafti ya tairi inapoingia kwenye giaboksi huitwa sili. Wapo wanaopendekeza tuiite kizibo. Napinga. Kizibo huziba tundu lote. Sili huacha shafti izunguke huku mdomo wake mwembamba ukiikumbatia.

Wenzetu wanaoishi Minneapolis na Saint Paul wanaijua kazi ya mdomo huo. Tarehe 30 Januari 2019 baridi huko ilifika nyuzi 33 za Selsiasi chini ya sifuri. Mpira uliochakaa hukakamaa katika baridi ya namna hiyo, na asubuhi doa jekundu la oili laonekana kwenye theluji, upande wa ndani wa tairi. Hapo fundi husema sili imekufa, na amesema vizuri.

Kuibadilisha, oili humwagwa, shafti huchomolewa, sili kuukuu hung’olewa, mpya hupakwa oili mdomoni na kugongwa taratibu ikae sawasawa. Kabla ya kuirudisha shafti, pitisha ukucha pale mdomo unapokaa. Ukinasa kwenye mfuo, hata sili mpya itavuja.