Nyumba ya Mzee Ojwang, Ikitazamwa Kutoka Gazi

Benson Wanjau alifariki Nairobi tarehe 12 Julai 2015 akiwa na umri wa miaka 78, na katika tanzia zake Wakenya wengi ndipo walipopata habari kwamba mwigizaji huyu wa Mzee Ojwang Hatari hakuwa Mjaluo. Alikuwa Mkikuyu. Miaka nenda miaka rudi aliigiza lafudhi ya watu wa Ziwa kwa ufundi ambao haukuacha mwanya wa shaka. Mama Kayai, mkewe wa kwenye runinga, ni Mary Khavere, na waliodhani wawili hao ni mume na mke wa kweli hawakuwa wachache. Nyumba yao katika Vitimbi, kipindi cha vichekesho, ilikuwa ya kubuni, lakini huenda ndiyo nyumba iliyojulikana zaidi Kenya baada ya Ikulu.

Je, Vitimbi bado ina utamu wake? Nairobi swali hilo hujibiwa kwa kumbukumbu za utotoni, basi. Jibu halitoki vile vile mtu akilitafuta Gazi, kijiji cha wavuvi na wakulima wa minazi kando ya ghuba ya mikoko, kilomita 50 hivi kusini ya Mombasa, kati ya Diani na Msambweni.

Kwanza, namna nyumba ile ilivyofika huku. Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962 chini ya Shirika la Utangazaji la Kenya (KBC). Miaka miwili baadaye serikali ikaichukua na kuiita Sauti ya Kenya, kisha mwaka 1989 jina la KBC likarudi. Mombasa ilipata kituo chake mwaka 1970. Mitambo ikawepo, umeme haukuwepo: katika Kwale, iliyo na Gazi ndani yake, enzi hizo stima ilikuwa mali ya mahoteli ya Diani zaidi kuliko ya vijiji vilivyoyazunguka. Seti nyeusi na nyeupe ya kijijini iliishi kwa betri ya gari, na betri ilikuwa na desturi ya kufa pale pale kisa kinaponoga. Mwenye seti hakuwa na faragha jioni. Watoto walijaa mkekani, wakubwa wakasimama dirishani.

Ng'ambo ya bahari, Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilhali Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja hadi mwaka 1994. Kwa hiyo kwa muda mrefu familia za Kiswahili za kwenye skrini zilitoka Nairobi kwa sehemu kubwa, zikasemwa kwa ndimi za bara.

Baadhi ya familia hizo zilitumwa kazi maalumu. Mwaka 1987 Sauti ya Kenya ilionyesha Tushauriane, tamthilia ya uzazi wa mpango, ikiwa na mwenziwe wa redio aliyeitwa Ushikwapo Shikamana. Mbinu ilitoka mbali: Miguel Sabido wa Mexico aliijaribu mwaka 1977 katika Acompáñame, na India ikaifuata mwaka 1984 kwa Hum Log. Mtazamaji apewe mhusika anayeyumba kati ya wema na ubaya, aone mwisho wa kila njia, kisha aamue mwenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alikadiriwa kuzaa watoto 8.1, utafiti wa mwaka 1989 ukapata 6.7, na ule wa 2022 ukapata 3.4. Kumpa sifa zote mwigizaji ni kumtwika mzigo usio wake, maana shule, zahanati na bei ya unga navyo vilikuwa kazini. Tamthilia ya namna hiyo huzeeka haraka. Somo likishaeleweka, hubaki watu wazima wakihubiriana sebuleni.

Vitimbi haikuhubiri, au ilipohubiri ilisahau mahubiri katikati. Ndiyo maana vipindi vyake vya zamani, ambavyo siku hizi vinapatikana kwenye intaneti, bado vinatazamika. Studio ni ndogo, sauti inakwaruza, mlango wa mbao nyepesi unatikisika ukifungwa kwa hasira. Lakini Wanjau akikodoa macho na kunyamaza nukta moja kupita kiasi, hakuna kifaa cha kisasa kinachoweza kuongeza kitu pale. Khavere naye hampi mumewe neno la mwisho bure. Ugomvi wao una mwendo wa watu waliozoeana, na mwendo huo haujachakaa hata kidogo.

Kilichobadilika ni sikio. Kichekesho kile kilisimama juu ya lafudhi: Mjaluo, Mluhya, Mkisii, kila mmoja akikivunja Kiswahili kwa nyundo yake. Nairobi ilicheka kwa kujitambua. Pwani ya kusini ilicheka pia, ila kutoka upande wa pili, upande wa wenye lugha wanaosikia wageni wakiisema. Kisha ukaja Agosti 1997. Washambuliaji walivamia kituo cha polisi cha Likoni, na katika fujo zilizoenea hadi Ukunda na Diani watu wa bara waliwindwa, nyumba na vibanda vyao vikachomwa. Zaidi ya watu 100 waliuawa na maelfu wakakimbia. Kwa wiki kadhaa, lafudhi iliyochekesha kwenye runinga ilitosha kumtambulisha mtu kwa wenye mapanga. Atazamaye leo akiwa na kumbukumbu hiyo hacheki sawa na mtoto wa mitaa ya Nairobi kama Umoja au Buruburu. Wala si kosa la Wanjau. Huenda ndicho kipindi kilichowazoeza Wakenya kukaa sebule moja.

Pengo kubwa zaidi liko katika familia yenyewe. Nyumba ya Ojwang ina mume na mke, ndoa isiyovunjika hata wakitukanana kila juma. Kwa Wadigo, wenyeji wa pwani hii, mhimili ulikuwa kwingine. Ukoo ulihesabiwa kwa mama, na mali ya mjomba ilimwendea mpwa. Uislamu uliposhika mizizi, wana wakadai fungu lao kwa sheria, wapwa wakashikilia mila, na kesi zikazaana. Minazi ilizidi kutatanisha, kwa sababu mnazi uliweza kumilikiwa na kuwekwa rehani mbali na ardhi uliposimama. Roger Gomm, aliyeandika kuhusu Wadigo miaka ya 1970, alikuta ndoa zinazovunjika na kufungwa upya mara kwa mara. Mama Kayai wa Kidigo angekwisha rudi kwao kitambo.

Gazi yenyewe ilikuwa na kisa cha familia kilichopindua pwani nzima. Mwaka 1895 Salim bin Khamis, mkuu wa ukoo wa Mazrui wa Takaungu, alifariki. Waingereza wakamuunga mkono mwanawe, Rashid. Binamu yake mkubwa, Mbaruk, akaona amedhulumiwa. Mbaruk mwingine, Sheikh Mbaruk bin Rashid, Mazrui wa Gazi, akaingia vitani upande wa walionyimwa. Agosti hiyo Admirali Rawson wa Uingereza aliiteka ngome yake ya Mwele, na Aprili 1896 mzee huyo alivuka mpaka na wafuasi wake kujisalimisha kwa Wajerumani. Urithi mmoja uligombewa, na utawala wa Kiingereza ukatoka hapo umejikita zaidi.

Tamthilia za baadaye zilisogea karibu kidogo na ugomvi wa ukoo wa namna hiyo. Mother-in-Law ya runinga ya Citizen, iliyoanza mwaka 2006, ilimweka mama mkwe mezani na kumwacha atawale. Mwaka 2011 televisheni ya taifa ya Tanzania ilionyesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, kuhusu Mao Doudou na mama wakwe zake wa Beijing, ikapendwa kiasi kwamba Xi Jinping aliitaja alipohutubia Dar es Salaam mwaka 2013. Hao mama wakwe hawakuhitaji mkalimani wa tabia Afrika Mashariki.

Anayetaka kumpima Ojwang kwa haki aanze na vipindi ambavyo yeye na Khavere wako peke yao mezani, wakibishana juu ya pesa. Vile vinavyotegemea mgeni mwenye lafudhi nzito kuingia mlangoni na kukosea maneno, avipitie haraka.